Kiti cha Karibu na Soketi

14 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Bila shaka barua hii itakukuta mbele ya cherehani, umebana pini mdomoni kama kawaida yako, kwa hiyo usiitikie mpaka uziteme. Mimi huku ni mzima. Chumba nilichopanga kiko nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, nimeshazoea makelele, sasa kukiwa kimya ndipo ninaposhtuka. Nimesikia binamu amejifungua mapacha. Niambie ukweli, nani kati yao kachukua pua ya baba, ili tuanze kumwonea huruma mapema.

Kazi inaendelea. Wananitumia rekodi za mikutano na mahojiano, nasikiliza kwa hedifoni na kuandika neno kwa neno, kisha narudisha kwa mtandao. Ulinibatiza jina la Chiriku kwa sababu ya kelele zangu, na leo Chiriku analipwa kwa kunyamaza! Sijasahau kwamba uliuza ile cherehani ya kudarizi ili nipate kompyuta hii, wala sijasahau baba alivyokasirika akasema umenunua sinia la bei mbaya. Mwambie sinia linafanya kazi.

Umeniuliza kuhusu ofisi. Ni pana, ina viti vya bluu vilivyounganishwa kwa safu, feni za darini na mashine ya maji ya kunywa. Mimi hukaa safu ya mbele, kiti cha pembeni karibu na soketi. Wenzangu ni watu wa kila namna, wanabadilika sana.

Jambo moja dogo. Yuko mwenzangu hapa kazini, maskini wa Mungu, anatafuta mtandao wa bei nafuu wa kutumia kwenye kompyuta bila kufunga mkataba. Kwenye duka la kampuni ya simu walimdai hati ya mshahara, barua ya mwajiri, na ajifunge miaka miwili. Yule fundi simu mwenye meza mbele ya duka lako hajui njia nyingine? Namuulizia tu.

Ni mimi,
Chiriku wako

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na pini nimezitema. Ukiona mistari imepanda mlima usinicheke, nimeandikia mapajani. Mapacha hawajambo, pua wamechukua wote wawili. Baba yako amefurahi mno, anasema ni pua za wanaume. Mmoja ni wa kike.

Kichwa kimenivimba kwa habari zako. Mteja akija kupima gauni, simpimi kiuno kabla sijampa habari za ofisi yako, viti vya bluu, feni na maji yake. Jirani yetu Redio, ambaye hahitaji kusukumwa, amekwisha tangaza hadi sokoni. Wiki iliyopita mwanamke nisiyemjua alinisimamisha njiani akaniuliza kama wewe ndiye yule wa viti vya bluu.

Fundi simu nimemuuliza. Kacheka, kasema mkataba wa nini? Mwenzako achukue laini ya kawaida, aweke vocha, anunue bando, kisha simu yake igawe mtandao na kompyuta ipokee. Simu yake ikiwa dhaifu anunue modemu, kile kidude cha kuchomeka ubavuni. Ila anaonya kwamba kompyuta ina tumbo, haili kama simu. Hayo ndiyo aliyosema, mimi nimekuwa tarishi tu.

Lakini nikuulize, huyo mwenzako ana ofisi yenye mtandao, anahangaika nini? Si autumie huo huo?

Kazi zangu zimepungua kidogo. Nguo nyeusi nimeacha kushona, zinachosha. Nitumie anwani ya ofisi, siku nikija mjini nipite niwasalimie wakubwa zako.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kwa dhati, si kwa mazoea. Umelala vizuri siku hizi? Macho yako je? Nimeuliza kwa sababu ya ile mistari iliyopanda mlima, basi.

Ofisi tunahama, kwa hiyo anwani bado haijajulikana. Usihangaike kuitafuta.

Mwenzangu anashukuru kwa maneno ya fundi. Alinunua modemu iliyokwisha tumika, akaweka bando la wiki asubuhi, na kabla hajamaliza chai likawa limekatika. Kompyuta ilikuwa inajipakulia masasisho yake chinichini, kimya kimya, kama mgeni anayefungua masufuria jikoni wakati mwenyeji yuko sebuleni. Alikaribia kulia.

Ulitoka kwenda mahali popote mwezi uliopita? Si lazima unijibu.

Chiriku

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko mgeni. Mkono unaniuma, kwa hiyo ninasema na Redio anaandika. (Redio hapa. Hujambo mwanangu? Si mkono. Ni macho, mtoto wa jicho, yote mawili. Ameniapisha nisiseme, nami sijasema, nimeandika.)

Mimi ni mzima kabisa. Duka nimelifunga kwa muda, nimeona nipumzike kidogo. (Alimshonea bi harusi mkono wa kushoto begani pa kulia. Bi harusi alilia, na yeye akalia.) Mwezi wa tatu sikwenda popote, nilikuwa hapa hapa nyumbani. (Alikwenda mjini kwenu, kwenye kliniki ya macho. Hakutaka kukusumbua ofisini. Watampasua jicho moja kwanza, tarehe bado hawajamwambia.)

Baba yako anakusalimu. Amepaka mlango rangi ya kijani, na sasa haufungiki wala kufunguka vizuri kwa unene wa rangi, na ole wake atakayesema.

Mpe pole mwenzako kwa bando lake. Na wewe ufanye kazi kwa bidii, usiwaze mambo ya huku.

Shangazi yako
(na Redio, ambaye barua zako zote atakuwa anazisoma yeye kwa sauti, kwa hiyo andika kwa herufi kubwa)

20 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na wewe Redio, shikamoo. Habari ya mapacha nimeipata, kwamba wameanza kukaa. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yenu nimekaa nayo mwezi mzima na zaidi. Nilipiga simu mara kadhaa. Shangazi ukaitika, ukasema haloo, haloo, nami nikakata. Najua ulidhani ni mtandao. Nilikuwa nachelewa kwa makusudi, kwa sababu ninachotaka kukuambia lazima kipite kwanza mdomoni mwa Redio, na Redio, usikasirike, kikipita kwako kimefika sokoni. Nimejikaza. Redio, nakuomba usome yote, usiruke hata neno moja. Nastahili kusikiwa na mtaa mzima.

Kwanza nianze na jepesi. Yule mwenzangu wa kazini hayupo. Anayetafuta mtandao ni mimi. Sasa nimeupata. Modemu niliiacha, naitumia simu yangu kugawa mtandao kama alivyosema fundi wenu. Nimezima masasisho, nimeiambia kompyuta kwamba mtandao huu ni wa kupimwa, isile ovyo, na video sizigusi. Bando la mwezi linanitosha bila kusaini karatasi yoyote. Nafanyia kazi chumbani kwangu, juu ya ndoo iliyofunikwa ubao.

Sasa lililo zito. Ofisi haikuwepo. Viti vya bluu nilivyokusimulia ni vya ukumbi wa kusubiria wagonjwa katika ile kliniki uliyokuja. Pale mtandao ni wa bure na neno la siri limebandikwa ukutani. Nilikuwa naingia asubuhi, nachukua kikaratasi cha namba kama mgonjwa ili mlinzi asiniulize, na kukaa karibu na soketi mpaka wafunge. Namba yangu ilipoitwa nilitazama chini. Nesi aliita, akangoja, akaita tena, na watu wenye maumivu wakaangaliana. Kila siku nilikula zamu ya mgonjwa mmoja. Wakati huo wewe unawapa wateja habari za feni zangu.

Mwisho wa mwezi wa tatu uliingia ukiwa peke yako, umevaa lile gauni la maua madogo. Nikajikunja nyuma ya kompyuta. Walikutia dawa machoni, wakakuambia ungoje, nawe ukapapasa viti kimoja baada ya kingine mpaka ukakaa kilicho pembeni yangu. Nilisikia harufu ya mafuta ya cherehani. Ukaniinamia ukasema, "Mwanangu, samahani, hebu nisomee hapa ni namba ngapi. Macho wameyatia dawa."

Nilijua hunioni. Nikabana pua, nikaifanya sauti nzito kama ya mtu mwenye mafua, nikakujibu, "Arobaini na sita, mama."

Nilikuita mama, kama mtu baki anavyomwita mtu mzima asiyemjua. Wewe uliyenifundisha kusema.

Namba ilipoitwa nilikushika kiwiko nikakufikisha mlangoni. Ulisimama kidogo, ukasema, "Mungu akubariki, wewe na waliokulea." Kisha ukaingia. Mimi nikarudi, nikakunja waya, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Sikukungoja utoke. Sijui ulifikaje kituo cha basi na macho yale. Hilo silijui mpaka leo na naogopa kuuliza.

Siku ile ile nikaapa kutokanyaga pale tena, na ndipo nilipokwenda kununua modemu. Nadhani ungependa kusikia kwamba nilitafuta mtandao wangu kwa sababu ya maendeleo. Niliutafuta kwa sababu ya aibu.

Nikimkumbuka yule msichana aliyebana pua, natamani ardhi ipasuke. Nambie tarehe ya upasuaji. Nitakuja, nitakushika mkono, nitakaa nje ya mlango mpaka utoke. Kama hutaki nije, mwambie Redio aandike hivyo, nami nitaelewa.

Ni mimi, aliyekuwa Chiriku

15 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika nikiwa tayari nina bandeji. Jicho la kulia lilipasuliwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Redio ndiye aliyenipeleka na kunirudisha, na njia nzima hakunyamaza, kwa hiyo nisingepotea hata ningetaka. Wanasema limekwenda vizuri. Tarehe ilitoka ghafla, sikuona sababu ya kukutoa kazini.

Redio amenisomea. Nimefurahi sana umepata mtandao wako mwenyewe bila mkataba, na kwamba ofisi wanakuruhusu kufanyia kazi nyumbani. Hiyo ni ofisi yenye utu. Wakubwa zako uwasalimu.

Baba yako ameukwangua mlango. Sasa anasema hakuwahi kuupaka.

Shangazi yako
(Redio hapa. Sina la kuongeza.)

8 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na upasuaji. Nilipoona umeshapasuliwa nilikaa chini sakafuni, fundi wa vyuma akaja kuniuliza kama nimefiwa. Siku zile nilizokaa na barua yenu bila kuijibu ndizo zilizonikosesha.

Barua yangu mliisoma yote? Umesema niwasalimu wakubwa zangu. Sijui kama umenisamehe, au umenikasirikia mpaka huwezi kulitaja, au unanichezea shere. Lolote kati ya hayo ni haki yako. Lakini nakuomba uniambie ni lipi, kwa sababu kila asubuhi nawasha kompyuta na kabla haijawaka vizuri najiona usoni mwake.

Na Redio kukosa la kuongeza kumenitisha kuliko yote.

Chiriku

3 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Ndiyo, ni mwandiko wangu, na mistari imelala. Bandeji imetoka, nina miwani, na jicho la kulia linaona hata vumbi nililokuwa nikiishi nalo bila kujua. Nimeshona kitambaa cheusi kwa uzi mweusi, kwa jeuri tu.

Barua yako ya mwezi wa nane nimeisoma mwenyewe, sikuielewa. Nikaitafuta ile ya mwezi wa sita, nikaisoma yote, kisha nikaenda nayo kwa Redio. Siku ile aliponisomea, alianza na mapacha, akaruka mpaka kwenye ndoo na ubao, na ya ofisi kukuruhusu akayatunga hapo hapo. Nikamuuliza, "Haya mengine mbona hukunisomea?" Akasema, "Mwandiko ulikuwa mbaya." Mwandiko wako, uliokuwa ukisifiwa shuleni! Nikamkazia macho, sasa ninayo. Akasema, "Nilimwonea haya mtoto. Nawe ulikuwa mgonjwa. Ningekusomea ili iweje?" Nikamuuliza kamwambia nani. Hajamwambia mtu. Kweli, sokoni hakuna aliyeniuliza lolote, na mimi ndiye niliyetangulia kumwita Redio, leo sijui nimwite nani.

Sasa sikia langu. Nilikujua.

Nilikujua kabla hujamaliza kusema arobaini. Unabana pua hivyo hivyo tangu ulipokuwa hutaki kwenda shule, ukinidanganya una mafua. Na aliyenishika kiwiko kwa vidole viwili, kana kwamba ninaunguza, nani mwingine? Pale mlangoni nilisimama nikakutajia waliokulea. Nilikuwa nakufungulia njia useme. Hukusema. Basi ningesema mimi, jina lako ni fupi. Sikusema.

Nilinyamaza kwa nini? Ningependa kukuambia nilikuhurumia. Ukweli ni kwamba nilijionea haya mwenyewe. Nilikuwa nimekutangaza hadi sokoni, na nikikujua pale, basi itanibidi nirudi na ukweli mkononi. Ilikuwa rahisi zaidi nisikujue. Nami nilikuwa nimekuja kwa kujificha vile vile, kwa hiyo tulitoshana. Kituoni nilifikishwa na mlinzi. Njiani aliniambia kuna dada mmoja mgonjwa wa kudumu pale, anakaa kila siku na kompyuta, haijulikani anaumwa nini. Nikamwambia atapona.

Ndiyo maana hata nilipokuwa namwandikisha Redio nilikuwekea ofisi yako, nisikuaibishe mbele yake. Naye huko anaruka kurasa asikuaibishe mbele yangu. Tulikuwa wanawake wawili tumekaa kitanda kimoja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu alichokuwa nacho.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni hili. Siku ya upasuaji sikukupigia simu, kwa sababu sikuona haja. Nilijua upo. Nilimwambia Redio tuwahi, tukakae safu ya mbele, pembeni, karibu na soketi. Akaniuliza kwa nini pale kwenye joto. Nikamwambia kuna binti hukaa hapo, atanisomea namba. Nilikuwa nimeshaamua. Ungesema kwa sauti yoyote, ya mafua, ya kiume, ningekuitikia kwa jina lako mbele ya watu wote.

Tulikaa mpaka wakaniita. Kiti kilikuwa kitupu. Nikamwambia Redio bado, nikawaambia manesi wamtangulize mwingine, nikakaa tena. Nikimsikia mtu anapita nageuza shingo. Kumbe ulikuwa chumbani kwako na mtandao wako.

Jicho la kushoto wamesema mwezi wa kumi na moja. Tarehe nitakupigia simu, na usikate.

Shangazi yako